Mdomo wa Nyumba

Jumatatu, 4 Machi
Hili sijamwambia mtu. Nyumbani tunaongea Kiswahili tu, shuleni Kiingereza tu, na anayetafsiri katikati ni mimi. Kikao cha wazazi kilichopita, mwalimu wa darasa alimwambia Mama sifungui mdomo darasani, nisaidiwe. Nikamtafsiria: mwalimu anasema nina heshima sana, nipumzishwe kuosha vyombo ili akili ikue. Mama akafurahi mpaka machozi! Tangu siku hiyo anayeviosha ni mdogo wangu, Kasuku, huku akinilaani.
Leo Mama ametangaza anasoma Kiingereza jioni, pale maktaba. Kikao kingine ni Ijumaa. Nimekwisha.

Jumanne, 5 Machi
Mpango: nimfundishe mwenyewe, aache maktaba. Nikamfundisha majina ya mboga. Mboga tupu! Mwalimu gani atazungumzia bilinganya? Mama akanibusu, akasema mwanangu una moyo, kisha akachukua mkoba akaenda maktaba.

Jumatano, 6 Machi
Mama kaenda buchani peke yake. Kamwambia muuza nyama kwa Kiingereza atoe mafuta yote. Yametoka! Karudi kabeba nyama kama kombe. Kasuku akaniuliza, sasa wewe kazi yako nini? Nikamwambia anyamaze. Ila iliniuma. Buchani siku zote tulikuwa tunaenda wote.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango mkubwa. Sauti imekauka! Nimejifunga shali shingoni, naongea kwa mikono. Bila mkalimani hakuna kikao. Mama akanipa maji ya moto, akasema pole mwanangu, usijali, nitaongea mwenyewe.
Mungu wangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu akasema bado sifungui mdomo. Mama akajibu, polepole, neno baada ya neno, kwamba nyumbani huyu ndiye anayetusemea sote. Halafu akashukuru kwa ule ushauri wa vyombo.
Mwalimu akauliza, vyombo gani?
Wote wakanigeukia. Na mimi sina sauti! Nimekaa na shali langu, nimetoa macho kama samaki sokoni. Mama akaeleza yote niliyomtafsiria, mwalimu akacheka mpaka akavua miwani. Wakakubaliana papo hapo: kila Jumatatu nitasimama mbele ya darasa la Mama pale maktaba, watu wazima ukumbi mzima, niwasomee kwa sauti. Mimi! Ninayejificha nyuma ya mlango wageni wakija!
Tukarudi nyumbani. Mlangoni Mama akanishika bega, akasema sauti ikirudi, sinki liko palepale.

Jumamosi, 9 Machi
Vidole vimenyauka kwa sabuni. Kasuku ananiletea hata vikombe visafi.
Lakini kesho Bibi anakuja kukaa nasi, na wiki ijayo ana kliniki. Mama atakuwa kazini. Bibi hajui Kiingereza hata chembe. Atakayemtafsiria daktari ni nani? Nahisi daktari atamshauri Bibi alale chumba kimoja na mjukuu mkubwa, na huyo mjukuu asiguse maji ya baridi. Hasa siku za Jumatat...
Kandambili za Mama ukumbini! Anamfundisha mtu Kiingereza cha kliniki kwenye simu, na anamwita "Mama". Daftari chini ya mto, upesi!