Vichwa vya Samaki Visivyofika Chamazi

Ndugu Mkurugenzi wa Mauzo,
Kampuni ya Samaki ya Bahari Tele,

Salamu zikufikie hapo ofisini, ingawa mie roho inaniuma. Naitwa Gozbert, mwalimu mstaafu wa Chamazi, mteja wenu tangu samaki wa hapa walipotushinda bei. Naambiwa meli kubwa zinawabeba jodari wetu wakiwa wazima kwenda ng'ambo, kisha nyie mnatuletea wa huko kwenye katoni, hawana vichwa. Ninalalamika kama ifuatavyo:

1. Nyumbani kwangu kichwa cha samaki ni cha baba. Ndivyo nilivyolelewa. Sasa mke wangu Avelina akipakua, hajui pa kuanzia. Juzi mwanangu Gibson kachukua kipande cha katikati mbele yangu, eti samaki huyu hana mkubwa. Jamani!

2. Samaki hununuliwa kwa kutazamwa macho. Wenu nimtazame wapi? Wahenga walituasa, samaki mkunje angali mbichi. Huyu kafika kagandishwa kama tofali, nani atamkunja?

3. Hili ndilo limenitoa machozi. Jumapili iliyopita alikuja mzee Ansbert, baba wa kijana anayemchumbia binti yangu Noela. Tukamwekea samaki wenu. Akaangalia sahani, akala haraka haraka, akaaga kabla ya chai. Wiki nzima hajapiga simu. Noela hali, wala hasemi nami. Uchumba wa miaka miwili unavunjika kwa sababu ya shingo iliyokatwa ng'ambo!

Kwa hiyo naomba kila katoni ije na vichwa vyake, idadi kamili. Ikishindikana, kila samaki aambatane na hati yenye mhuri, kuthibitisha kwamba alikuwa na kichwa na kwamba kilikuwa cha baba mwenye nyumba. Na hilo likishindikana, uende mwenyewe kwa mzee Ansbert, umwombe radhi, umweleze kichwa chake kiko nchi gani.

Wasalimie wahasibu, madereva, na mlinzi wa getini aliyenifukuza kwa adabu.

Wako aliyewahi kuheshimiwa,
Mwl. Gozbert

N.B. Mzee Ansbert kapiga simu sasa hivi. Hakukasirika hata kidogo. Aliondoka mapema akikikimbia kichwa, akidhani bado kiko jikoni kinaungwa nazi. Anasema hajawahi kupenda macho ya samaki, huyala kwa kuwa yeye ni baba. Nikataka kumcheka, nikakumbuka na mie miaka thelathini nayameza hivyo hivyo. Harusi ni Juni. Tafadhali tuleteeni katoni sita, na kichwa hata kimoja kisionekane.