Nilivyompima Kudagai kwa Kiingereza

Jumatatu, 6 Aprili

Leo nimegundua kwamba maneno ya Kiingereza yana mikia. Sikutarajia. Nilikwenda darasani kusinzia nyuma, karibu na jiko la makaa, kama wiki zote. Mwalimu Zulhumor akaandika ubaoni "big". Kubwa. Akalibandika kamkia, likawa "bigger". Kubwa kuliko kingine. Basi, kwisha kazi. Usingizi ukaniruka.

Maneno marefu hayaoti mkia. Yamechoka. Yanatanguliziwa mpagazi aitwaye "more", yeye anabeba mzigo na neno linafuata nyuma mikono mitupu. Nikauliza neno linaanza kuwa refu wapi. Mwalimu akasema nisikilize silabi zake. Nikauliza nani aliamua hivyo. Akasema tuendelee.

Halafu kuna "good", yaani nzuri. Hii haioti mkia wala haichukui mpagazi. Inaondoka kabisa, na mahali pake anakuja mgeni anayeitwa "better". Kama kijana aliyekwenda kufanya kazi Urusi akarudi na jina jipya, na mama yake anatakiwa amfungulie mlango bila kuuliza. Hakuna aliyeweza kunieleza sababu. Nimeiwaza njia nzima.

Nyumbani nimepima kila kitu. Samova yetu, birika la chai, ni kubwa kuliko ya jirani. Ng'ombe mwekundu ni mvivu kuliko mweusi. Oysuluv, mke wangu, ameuliza ninaongea na nani zizini. Nimemwambia ninasoma.

Darasa ni la bure, kwa sisi wenye vyumba vya wageni hapa Yongokli, ili wapanda milima wakija tusiwaonyeshe kila kitu kwa vidole. Mbele kabisa anakaa Saltanat. Anajua kila jibu. Huyu ni kudagai wangu, nami ni kuda wake: mwanawe amemuoa binti yangu Barno, na sasa wana mtoto wa kiume, mjukuu wetu sote. Karamu ya susu ni Ijumaa ya wiki ijayo. Kwa mila, sisi upande wa mama ndio tunaopeleka susu ya kumlazia mtoto. Saltanat anataka susu mpya ya bazaar, iliyopakwa maua mekundu. Mimi ninayo ya babu, ya mbao ya mforosadi. Nililala humo mimi, akalala Barno. Tumevutana mwezi mzima.

Lakini Alhamisi kila mwanafunzi atasimama alinganishe watu wawili, halafu vitu viwili. Hapo ndipo nimeona mlango. Nitamsifu Saltanat kwa Kiingereza mbele ya wote. Atalainika. Akishalainika, susu itapita.

Jumanne, 7 Aprili

Nimetafuta sifa siku nzima. "Old" haifai, hata mimi ninajua. "Beautiful" ni refu, linataka mpagazi, na Oysuluv atataka kujua mpagazi huyo ametumwa na nani.

Nikaliona "fat". Mnene. Kwanza neno lenyewe ni la ajabu: likiota mkia linaongeza na herufi moja katikati, likawa "fatter". Herufi zenyewe zinanenepa! Nimeliandika mara kadhaa nilione likijaa. Hakuna neno jingine linalotenda kile linachokisema.

Najua mtu atasema ni tusi. Si tusi. Katika lugha yetu pia tuna mkia, na mkia wetu unalainisha. Ukimwita mtu mnene umemkosea. Ukitia mkia umesema ana kaunene kidogo, kaunene ka nyumba isiyokosa mafuta ya pilau. Mkia ni mkia. Waingereza nao ni watu wa adabu, wasingeweka mkia ili wakaze.

Nimemdokeza Oysuluv kwamba Alhamisi nitamsema Saltanat vizuri. Akasema watu wenye akili wakitaka kumsema mtu vizuri humpelekea mkate.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimesema.

Nilisimama, nikashika kofia mkononi, nikasema kwa sauti kwamba Saltanat ni "fatter" kuliko mke wangu Oysuluv. Nikaongeza kwamba mke wangu ni mnene pia, ili nisionekane ninapendelea. Mfuga nyuki aliyekaa dirishani akaanza kukohoa, na haikuwa kikohozi.

Saltanat hakunitazama. Ilikuwa zamu yake. Akapanda mbele, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akasema kwa Kiingereza kisicho na doa kwamba nyumba yake ni safi kuliko nyumba ya Abdisamat, na mwanawe ni mrefu kuliko Abdisamat. Abdisamat ni mimi. Halafu akamalizia kwamba ng'ombe wake ana akili kuliko Abdisamat. Na hapo akamtanguliza mpagazi mahali pake hasa, kwa sababu neno la akili ni refu.

Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasema hana la kusahihisha. Nakiri sentensi ilikuwa nzuri. Mimi ningesahau mpagazi.

Watu walipotoka nilimuuliza mwalimu kama mkia wa Kiingereza unalainisha. Akasema hapana, kaka Abdisamat, unaongeza. Nikauliza hata kidogo haulainishi? Akaanza kufuta ubao.

Ijumaa, 10 Aprili

Barno amepiga simu asubuhi. Karamu imesimamishwa. Mama mkwe wake amesema mtoto anaweza kulala kwenye magodoro mpaka watu wa upande wa pili watakapojifunza kufunga mdomo. Nikamwambia lilikuwa zoezi la sarufi. Nikaanza kumweleza habari ya herufi inayonenepa.

Akanikatiza. "Baba, tangu jana humu ndani chai inamiminwa bila neno. Ananisogezea kikombe kama mgeni. Wewe umesema ukaenda zako nyumbani. Anayekaa hapa ni mimi."

Nilisikia mtoto akilia nyuma yake, kisha simu ikakatika. Nimekaa muda mrefu barazani na simu mkononi.

Oysuluv naye amejua yote. Mfuga nyuki alipita kuleta asali, na hakuleta asali peke yake. Jambo lililomuuma si la Saltanat. Ni lile la "mke wangu ni mnene pia". Supu ya leo ilikuwa maji, karoti, na kimya.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimekwenda kwa mwalimu Zulhumor nyumbani kwao, na mayai ya kuomba radhi. Nikamuuliza kama Kiingereza kina namna ya kuwapima watu wawili bila yeyote kushindwa. Akasema ipo! Unaweka "as" kabla ya sifa na "as" nyingine baada yake, kama mizani yenye vitanga viwili, na pande zote zinakuwa sawa. Nikashangaa kwa nini hawakuanza na hili. Nikamuuliza linatumiwa sana? Akasema si sana. Watu wanapenda kuona mizani ikiinama.

Nikatunga: Saltanat ni mzuri sawa na Oysuluv. Hakuna aliye juu. Nani angekasirika?

Nikamshawishi Oysuluv tuende pamoja, yeye akabeba mkate uliotoka tanurini. Saltanat alitufungulia lango lakini hakupisha njia. Nikasimama wima, nikaitoa sentensi. Akaisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa lugha yetu, polepole:

"Sawa na Oysuluv yupi, kuda? Huyu wa leo, au yule uliyemuoa?"

Nikafikiri. Lilikuwa swali zuri, sentensi yangu kweli haikusema wakati. Nikajibu kwamba inategemea.

Hilo lilikuwa kosa. Oysuluv alimgeukia Saltanat, si mimi. "Kudagai, unisikilize. Huyu mtu wiki nzima amenipima. Juzi na mke wa jirani. Jana nimemsikia zizini ananipima na ng'ombe mwekundu, nani anaamka mapema."

"Nani alishinda?" Saltanat akauliza.

"Ng'ombe."

Saltanat akamshika mkono, akaupokea mkate, wakaingia ndani. Lango likafungwa. Kwa dirisha nikaona Barno akiwatandikia godoro na wote watatu wakicheka, na Oysuluv akimbeba mjukuu. Mamasoli, mume wa Saltanat, mtu wa maneno machache, alinikuta pale nje akanipa shoka. Tukapasua kuni mpaka jua likainama. Hakuniuliza lolote. Kuni zake ni kavu kuliko zangu, lakini sikumwambia.

Jumatatu, 13 Aprili

Saltanat amekuja. Amesema karamu itakuwepo, kwa ajili ya Barno na Oysuluv, na kwamba amekuja kuiona hiyo susu ninayoipigia kelele.

Nilikuwa nimejiandaa. Usiku wa jana nilikuwa nimekariri imara kuliko, nzito kuliko, ya kweli kuliko. Niliishusha kutoka darini, nikaifuta vumbi, nikaiweka kwenye zulia. Mbele ya susu mpya ya bazaar, yenye maua, ile ingekuwa kama mzee aliyevaa koti moja maisha yake yote. Saltanat akapiga magoti. Akapitisha mkono kwenye ule mti wa juu wa kushikia, pale palipolainishwa na mikono. Akaisukuma. Ikalia upande wa kushoto, kriii, kama inavyolia siku zote.

"Haya," akasema. "Niambie ni bora kwa nini."

Nikafungua mdomo. Maneno yote yakakimbia, mkia na mpagazi na vyote. Nikasema sijui kama ni bora. Nikasema inalia upande wa kushoto. Barno alipokuwa na homa ya surua mama yangu aliisukuma siku tatu, na tulipokuwa vyumba vingine tulikuwa tunasikiliza huo mlio tu, maana ukiendelea mtoto yuko hai. Nikasema hayo ndiyo ninayoyajua.

Saltanat akaisukuma tena, akasikiliza. Nikaona amegeuzia uso dirishani.

"Kumbe unaweza kusema kitu bila kukipima na kingine," akasema. Kisha akasema ataleta vitambaa vipya na shanga za kukinga kijicho, na kwamba asiyetaka mlio huo akalale nyumba nyingine.

Nimemuuliza Oysuluv nilifanya nini sawa. Amesema nisijaribu kulijua, nitaliharibu.

Alhamisi, 16 Aprili

Darasani leo: ngazi ya juu kabisa. Sikujua kwamba ipo! Maneno mafupi yanapata mkia wa pili, na marefu yanabadilisha mpagazi, anakuja mwenye nguvu zaidi aitwaye "most". Ukilitumia, kitu kimoja kinasimama juu ya vyote. Nikauliza vile vingine vinakwenda wapi. Mwalimu akasema vinabaki vilipo, havitajwi.

Havitajwi! Hapa ndipo nilipokuwa ninakosea tangu mwanzo. Nilikuwa ninataja majina. Ngazi hii haina "kuliko fulani". Humgusi mtu.

Saltanat amenipa mfano wake niunakili, na amenimiminia chai. Mambo yamekaa sawa kabisa.

Ijumaa, 17 Aprili

Karamu imefana. Susu ilibebwa kutoka kwetu hadi kwao kwa ngoma ya doira na pipi za kurushwa. Wanawake wakamlaza mtoto kwa utaratibu wake, kwanza kichwa upande usio wake, wakiulizana "hivi?" na kujibiwa "sivyo!" mpaka wakamgeuza sawa. Mtoto alifungwa vizuri, akasukumwa, susu ikalia kriii, naye akafumba macho palepale. Barno aliegemea bega la Saltanat. Nimeliona hilo kwa macho yangu.

Wageni walikuwa wengi, na binti mkubwa wa Saltanat alikuja kutoka mji wa Osh na watoto wake watatu. Wakaniomba babu niseme neno. Nikasimama. Mwalimu Zulhumor alikuwepo, na wapanda milima wawili wa kwanza wa mwaka, kwa hiyo nikasema kwa Kiingereza, kisha kwa lugha yetu kwa wasiojua: kwamba huyu ndiye mjukuu mzuri kuliko wajukuu wote waliowahi kuzaliwa katika nyumba ya Mamasoli.

Mpagazi nilimweka mahali pake. Mwalimu anaweza kushuhudia.

Binti mkubwa aliwatazama wanawe watatu mmoja baada ya mwingine. Saltanat akaweka chini mwiko wa pilau. Barno akajifunika uso kwa kitambaa, na Oysuluv akatoka nje kuangalia kama punda amefungwa, ingawa tulikuja kwa miguu.

Sikumtaja mtu yeyote. Sheria niliifuata. Hata hivyo pilau ilizunguka mara mbili bila kufika kwangu, na Mamasoli amenionyesha kwa kidevu lilipo shoka.

Nimelitafakari wakati wa kupasua kuni, na nimeona tatizo lilipo: ngazi ya juu inawaacha waliobaki bila nafasi. Ni udhaifu wa Kiingereza, si wangu. Binti mkubwa analala hapa hadi Jumapili. Kesho asubuhi nitakwenda kumweleza kwamba wanawe watatu wamefungana nafasi ya pili, ingawa yule wa kati yuko mbele kidogo kwa masikio. Sentensi ninayo tayari.