Hotuba ya Uzinduzi wa Vilima Vitatu vya Kutazamia Mizabibu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati mbaya amepata udhuru, hivyo nafasi yake naishika mimi, na kwa maana hiyo najisalimu mwenyewe kwa heshima zote. Ndugu Mwenyekiti wa Chama cha Ushirika cha Wakulima wa Zabibu. Bwana fundi mapipa, uliyetuazima ghala hili la mvinyo pamoja na harufu yake. Ndugu wajumbe wa Kamati ya Mandhari, Kamati Ndogo ya Matembezi na Kikosi Kazi cha Mabenchi. Wenzangu wa Idara ninayoiongoza, kuanzia ofisa mipango hadi dereva wangu. Na kwa namna ya kipekee kabisa, mama mkwe wangu mpendwa, mkulima mzoefu, ninayemwona pale mstari wa mbele: shikamoo, mama.

("Marahaba, baba. Endelea, nina kazi shambani." Kicheko.)

Ahsante, mama. Ndugu wananchi, nasimama mbele yenu kuzindua rasmi Mradi Jumuishi na Endelevu wa Vilima Vitatu vya Kutazamia na Njia za Matembezi katika Ukanda wa Mizabibu, mradi ambao, kwa mujibu wa masta plani, unampa mgeni fursa ya kutembea kilomita kumi na moja na nusu kwa miguu yake mwenyewe, akipita katikati ya mizabibu, akipanda mdogo mdogo bila kuhema, hadi afike kileleni, akae kwenye benchi, atazame. (Kimya.) Nimesema, atazame. (Dereva anapiga makofi.)

Wenzetu wana milima ya kutisha, ya kupanda kwa kamba na kushuka kwa machela. Sisi tumejaliwa vilima vya upole, vilima visivyomgombeza mtu, ambavyo hata mwenye umri wangu na kitambi changu anaweza kuvipanda huku akizungumza na simu. Hiyo kitaalamu tunaiita rasilimali mwinuko, na kabla yangu hakuna aliyeiona.

Tulianza mbali. Miaka minne iliyopita nilikuwa nimekaa sebuleni kwa mama mkwe, nimeshiba, dirisha liko wazi, nikakiona kilima kilichoko nyuma ya nyumba yake, nikajiambia: kilima hiki hakitumiki ipasavyo. Tangu siku hiyo sikutulia. Tumefanya vikao hamsini na vitatu, warsha tisa na ziara za mafunzo katika nchi tatu, ambako binafsi nilipanda vilima saba, kimoja kati ya hivyo kwa lifti. Tumefanya upembuzi yakinifu, kisha tukaupembua ule upembuzi wenyewe, na leo natamka bila kumung'unya maneno kwamba utekelezaji umefikia asilimia tisini na sita kwa upande wa nyaraka.

("Na kwa upande wa kilima?" anauliza fundi mapipa.)

Swali zuri sana, limepokelewa, litajibiwa kwenye awamu ya maswali, ambayo haimo kwenye ratiba ya leo. (Minong'ono.)

Ndugu wananchi, mradi wa hadhi hii hausimami bila watu kujitoa, na hapa nitoe mfano hai. Mwaka juzi nilikwenda kwa mama mkwe na ramani, nikaitandaza mezani, nikamwonyesha kwamba njia itapita katikati ya shamba lake. Mama akaniuliza mara mbili, "Una uhakika, baba?" Nikamwambia, mama, ramani imepigwa muhuri. Kabla ya wiki kuisha, alikuwa ameng'oa safu mbili, mizabibu sitini na miwili, aliyoipanda yeye na marehemu baba mkwe mwaka ule waliooana, na aliing'oa kwa mikono yake, ili asije akaambiwa amechelewesha maendeleo. Huo ndio uzalendo. (Makofi. Mama mkwe hapigi.)

("Sitini na minne," anasema.)

Sitini na minne, mama. Takwimu zitarekebishwa.

Sasa, wapo wanaopita wakinong'ona kwamba mradi hauonekani. Nawahurumia, maana leo nina ushahidi. Hii hapa ni barua iliyofika ofisini juzi, kutoka chama cha walimu wastaafu, watu ishirini na watatu, waliokuja wakiongozwa na kijitabu chetu cha rangi. Nanukuu: "Mheshimiwa, katika umri wetu huu hatujapata kufanya matembezi matamu kama yale. Pale kileleni tulikaa tukilitazama bonde zima mpaka tukasahau maumivu ya magoti, na mwenzetu aliyefiwa na mumewe mwaka jana alicheka, jambo ambalo tulikuwa hatujalisikia tangu msiba." Mwisho wa kunukuu. (Makofi makubwa. Dereva anasimama.)

("Barua ina kurasa mbili," anasema mama mkwe. "Soma na wa pili.")

Mama, muda hauturuhusu.

("Waliiandikia mezani kwangu, baba. Soma.")

Ndugu wananchi, naweza kumkatalia mwenyekiti, naweza kumkatalia hata waziri, lakini jioni nina nyumba ya kurudi. Nasoma. "Tulipofika mahali kijitabu kinaposema njia inaanzia, hatukuona njia, wala kibao, wala benchi. Tulimkuta mama mmoja amesimama kwenye pengo katikati ya mizabibu, tukampa kijitabu. Akakitazama sana, akafika kwenye picha yako, akasema, 'Huyu ni mkwe wangu.' Kisha akaweka kikapu chini, akasema, 'Haya, nifuateni, siwezi kumwaibisha binti yangu.' Akatupandisha taratibu kwa njia ya punda wake, akitungoja kila tulipochoka. Juu akatupindulia kreti za zabibu, tukakalia, akatutajia kila shamba na mwenyewe. Mmoja wetu alimuuliza lile pengo katika shamba lake ni la nini. Akajibu, 'La maendeleo,' akageuza uso."

Mama. Sikujua kwamba...

("Hukuuliza. Miaka yote hii unakuja kula kwangu, unakaa dirishani, unakitazama kilima. Shamba liko chini yake, hujalitazama hata siku moja.")

(Mheshimiwa anavua miwani, anaifuta kwa tai, anaivaa tena.)

Ndugu wananchi, kwa mamlaka niliyopewa, ambayo kwa sasa sikumbuki yanaishia wapi, naagiza itafutwe miche ya mizabibu sitini na minne, iwasilishwe shambani kwa mama mkwe wangu kwa utaratibu wa dharura, na iundwe timu maalumu ya kuipanda.

("Sitaki timu. Uje wewe. Kesho saa moja asubuhi, na hivyo viatu vyako uviache nyumbani.")

Nitakuja, mama. (Makofi, safari hii ya ukumbi mzima. Fundi mapipa anapiga pipa.)

Basi, kabla sijashuka, tuitikie kaulimbiu zetu kama zilivyopitishwa na kamati. Nikisema vilima vitatu, mseme mtazamo mmoja. Vilima vitatu. ("Kilima kimoja!") Nikisema tembea, mseme tazama. Tembea. ("Wapi?") Inatosha, ari nimeiona.

Nihitimishe kwa shukrani. Namshukuru mkandarasi wetu, popote alipo, ambaye siku tutakapomteua naamini atafanya kazi nzuri. Nawashukuru wataalamu wa ramani, walionijulisha asubuhi hii kwamba kilima cha tatu ni cha wilaya ya jirani na cha pili ni kichuguu kilichokuzwa na mashine ya kunakilia. Naishukuru nchi rafiki ambayo mabenchi yake yanaonekana kwenye kijitabu chetu. Nawashukuru wajumbe wa Kikosi Kazi cha Mabenchi, ambao katika miaka minne wamekalia kila aina ya kiti isipokuwa hiyo. Na nawashukuru ninyi nyote kwa kuja kwa wingi kuzindua, kwa moyo mkunjufu, kitu ambacho hakijawahi kuwepo.

Wanaotaka kukiona kilima, mama mkwe ameshasimama, mfuateni. Msiniulize njia. Nitakuwa nyuma yenu, kwa sababu, niseme kweli leo, mimi mwenyewe sijawahi kufika.