Karata Tano Mbele ya Bendera

Ndugu zangu mliohamishiwa Kindu,

Leo nimeumbuka. Sisemi nimeaibika kidogo. Nimeumbuka kabisa, mbele ya watu na mbele ya bendera. Nawaandikia mwenyewe mapema, maana mtu wa kwanza kupanda treni ya Ubundu atawaletea habari hii ikiwa imeongezwa chumvi. Chumvi haihitajiki.

Mnanijua mimi na poker. Miaka sita nacheza mashindano ya klabu yetu ya serkle, na miaka sita natoka wa nne. Ningekuwa wa mwisho, watu wangenihurumia. Wa nne anapewa pole na kuombwa asogeze kiti ili wanaoendelea wapate nafasi. Nimechoka kusogeza kiti.

Zamani zenu mshindi alipewa kreti ya bia, tukainywa wote, na hakuna aliyekumbuka nani kashinda. Mara hii mambo yalikuwa mengine. Mwanachama mmoja, yule Mgiriki mwenye duka la vitambaa, alirudi kwao na akaiachia serkle cherehani ya kukanyaga kwa mguu, nzima, haijapungua hata sindano. Wakubwa wakaamua iwe zawadi ya mashindano.

Sasa mke wangu, mama Aziza, anashona yunifomu za shule. Anashonea cherehani ya jirani yetu, mama Kashindi, na mama Kashindi anahamia Isiro Jumanne na cherehani yake. Yunifomu kumi na mbili zimekatwa, ziko juu ya kitanda chetu. Tunalala pembeni mwa kitanda.

Asubuhi mke wangu alinipigia pasi koti langu la abakosti, akanifunga kifungo cha juu, akanitazama.

“Papa Aziza, leo usitoke wa ine.”

“Leo sitoki wa ine.”

“Uniapie.”

Nikaapa. (Nilikuwa sijafika hata salongo, ile kazi ya lazima ya umma, tayari nina deni la kiapo.)

Salongo tuliifanya hadi saa sita, kuzibua mfereji wa barabara. Mgongo wangu si mgongo tena. Lakini mniruhusu kwanza niwaambie habari ya wiki tatu zilizopita, la sivyo hamtaelewa jinsi mtu mzima anavyoweza kufanya nilichokifanya.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa natoka kazini, nimebeba furushi la samaki. Nikapita mbele ya ile ofisi ya zone, ya wilaya yetu, inayotazamana na serkle. Firimbi ikalia, bendera ikaanza kushuka. Nilisimama kama watu wote. Ila nilikuwa nimesimama ndani ya dimbwi, maji yanaingia kiatuni, nikasogea hatua mbili. Mbili tu. Mlinzi wa bendera akaziona zote mbili. Kesho yake niling'oa majani kuzunguka mlingoti hadi saa saba mchana, na kila mtu mwenye shughuli pale ofisini alinisalimu kwa jina. Tangu siku hiyo nikisikia firimbi, miguu inasimama kabla sijaiambia.

Basi saa tisa tukakaa mezani, watu kumi na wawili. Tulicheza barazani kwa sababu ndani kuna joto na feni ilishakufa. Kila mtu akapewa vifuniko thelathini vya chupa za bia, maana vile vidude vyenyewe vya kuchezea viliibwa zamani. Vikikuishia, unatoka. Msimamizi ni yuleyule, papa Losala, mwalimu wa mazoezi ya viungo aliyestaafu. Kila nusu saa anapandisha dau la chini ili watu wasilale. Zamani alikuwa anagonga ile jante, chuma cha gurudumu la lori. Jante imechukuliwa kuitia watu salongo. Kwa hiyo leo papa Losala alitoa mfukoni firimbi yake ya ualimu.

Mnaona tunakokwenda.

Saa tisa na nusu akapuliza. Nilijikuta nimesimama wima, mikono mbavuni, macho kwenye mlingoti. Kisha mama Feza, yule mfanyabiashara wa samaki wakavu ambaye hata nyinyi alikuwa anawasafisha mifuko, akaweka karata zake chini taratibu.

“Papa Yuma, iko nini? Iko bendera, ao iko mavi?”

Walicheka mpaka vifuniko vikaanguka. Nikakaa, nikasema mguu ulikuwa umekufa ganzi. (Hakuna aliyeamini. Hata mguu wenyewe haukuamini.)

Saa kumi akapuliza tena. Niliinuka nusu, nikajifanya navuta suruali. Mama Feza naye akainuka kwa makusudi, akapiga saluti, na wengine wawili wakamfuata. Ukawa mchezo. Kila firimbi ikilia, wanasimama wao na kunitazama kama nitanasa. Saa kumi na nusu nilinasa kidogo. Saa kumi na moja nilishikilia meza kwa mikono miwili. Saa kumi na moja na nusu firimbi ikalia, watu wanne wakasimama kunidanganya, na mimi nimekaa, sigara mdomoni, sina habari. Nilijiambia nimepona.

Na kumbe kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuliona kwa sababu ya kupambana na miguu yangu. Watu walikuwa wanatoka. Wa kumi na mbili alitoka, wa tisa, wa sita. Nilipoinua kichwa tulikuwa watano. Kisha wanne. Nikasubiri kuitwa nisogeze kiti. Aliyesogeza kiti alikuwa daktari wa meno. Mimi niko mezani bado. Kisha tukabaki wawili, mimi na mama Feza, na wote waliotolewa wamesimama nyuma yetu na chupa zao.

Sikuwahi kufika hapo maishani. Niliona yunifomu zile kumi na mbili zikitoka juu ya kitanda.

Papa Losala akagawa. Mnakumbuka mchezo wenyewe: karata tano kila mtu, unabadilisha zisizokufaa mara moja, halafu mnawekeana dau mpaka mmoja ajibu au atupe. Akitupa, hakuna anayeona ulikuwa na nini. Hapo ndipo mwongo anapopatia riziki yake. Mimi nilipata nne za kopa. Nikabadilisha moja kutafuta ya tano. Ikaja saba ya pau. Maana yake sina kitu. Sina hata jozi ya mbili.

Nilikuwa nimechoka sana, ndugu zangu, na uchovu unaleta ujasiri wa ajabu. Nikasukuma vifuniko vyangu vyote katikati.

“Vyote,” nikasema.

Mama Feza akatazama vifuniko. Akanitazama mimi. Anajua siku zote mimi ni mtu wa kutupa karata, si mtu wa kusukuma. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Akatia kidole chini ya karata zake.

“Bon,” akasema polepole. “Weye hapana mutu wa kusema bongo, wa kudanganya.”

Kidole kile kilikuwa kinazisukuma karata. Naapa kilikuwa kinasukuma. Zilikuwa zimeshaondoka upana wa kidole kuelekea katikati, bado kidogo azitupe.

Firimbi ikalia.

Mama Feza akaacha karata, akasimama. Papa Losala akasimama. Wote nyuma yangu wakaweka chupa chini, wakanyooka. Mikono mbavuni.

Nikatabasamu. Nikajiambia, mama huyu ni mjanja, ameona anakaribia kushindwa, anataka kunitoa akilini kwa mchezo uleule. Nikaegemea kiti. Nikavuta sigara, nikapuliza moshi juu. Nikasema kwa sauti ya mtu aliyepona:

“Leo hamunipati tena.”

Hakuna aliyecheka. Nikaona hilo ni geni kidogo. Nikanywa bia.

“Papa Yuma,” papa Losala akasema bila kufungua meno, “simama.”

“Simama weye. Mi nimezoea.”

“Papa Yuma.”

Ndipo macho yangu yakashuka mezani. Firimbi ya papa Losala ilikuwa imelala pale, karibu na kisahani cha majivu. Hakuna aliyeishika. Hakuna aliyeipuliza. Saa ya ukutani inasema saa kumi na mbili kamili. Na ng'ambo ya barabara, baiskeli zimesimama, mama mwenye beseni kichwani amesimama, mbuzi tu ndiye anayetembea, na yule mlinzi wangu wa bendera ameshika kamba, ananitazama mimi na sigara yangu.

Niliruka. Sina neno lingine. Goti likaipiga meza kwa chini, karata zikanitoka mkononi, na mikono ikaenda mbavuni yenyewe kama ilivyofundishwa.

Zile karata zilianguka juu ya blanketi la meza, zote tano, uso juu. Kopa, kopa, kopa, kopa, na saba ya pau iko katikati yao.

Sasa, mtu mwenye akili angeinama na kuzifunika. Sekunde moja inatosha. Lakini mtu huyo hajang'oa majani hadi saa saba mchana. Mimi sikuinama. Tarumbeta ikaanza kulia, bendera ikaanza kushuka, na leo (wallahi, leo kuliko siku zote) kamba ikakwama. Mlinzi akavuta, haishuki. Akatikisa. Mpiga tarumbeta alipomaliza akatazama juu, akaona bado, akaanza tena mwanzo.

Nilisimama pale wimbo mara mbili, uongo wangu umelala mezani bila nguo. Sigara inaniunguza kidole. Hakuna aliyegeuza kichwa, maana nao wanaogopa majani, lakini nilisikia macho yao yakishuka moja moja. Mtu nyuma yangu alipumua, “Aah, masikini.” Mama Feza, mbele yangu, alikuwa na uso wa kanisani. Macho yake yalikwenda kwenye karata, yakahesabu, yakarudi kwenye bendera. Kisha mdomo wake ukaanza kutetemeka. Mama yule alilia kwa kicheko bila kusogeza hata bega, machozi yanamteremka mashavuni, na mlinzi ng'ambo ya barabara nadhani aliona hapo mwananchi anayeipenda nchi yake.

Bendera ikashuka. Watu wakalegea.

“Alors,” mama Feza akasema, akijifuta kwa kitenge. “Mi najibu.”

Alikuwa na jozi ya tisa. Jozi moja. Nikamuuliza kama kweli alikuwa anazitupa.

“Nilikuwa nimeshazitupa mu roho,” akasema. “Ilibakia tu mukono.”

Nikamgeukia papa Losala. Nikamwambia karata zile zilionekana kwa nguvu ya serikali, turudie. Akafikiri. Ni mtu wa haki.

“Papa, ukitaka, mi naandika hivyo. ‘Bendera iliharibu mchezo.’ Unatia saini?”

Sikutia saini.

Zawadi ya mshindi wa pili ni mche wa sabuni. Nilikuwa bado nimeushika mkononi wakati mlinzi wa bendera alipovuka barabara. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka kama mimi.

“Citoyen. Weye tena?”

“Mi tena.”

“Kuvuta sigara, kunywa pombe, na kukaa. Mbele ya bendera.” Alihesabu kwa vidole, akaona vinatosha. “Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Panga unalijua kwenye liko.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu, polepole, nikitunga maneno. Nilitunga mazuri. Nilikuwa nianze na wa pili, kwamba sikutoka wa nne, kwamba kiapo nimekitimiza kama mtu akikisoma vizuri.

Lakini mama Feza ana baiskeli.

Nilipokata kona niliona mke wangu amekaa mlangoni na mama Kashindi, wanachambua pondu, majani ya muhogo. Wakaniona. Mke wangu akaweka beseni chini. Akasimama wima, mikono mbavuni, macho juu kwenye bati. Mama Kashindi naye akasimama.

Na mimi? Ndugu zangu, nawaambia ukweli kwa sababu tumekula pamoja. Nilisimama. Sikufikiri. Mikono mbavuni, sabuni imeshikiliwa kwenye mshono wa suruali. Tulikaa hivyo watatu mpaka jirani wa pili akachungulia juu ya ua kuuliza kama kuna msiba.

Mke wangu ndiye aliyevunja, kwa kicheko. Nilitegemea hasira na nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Kicheko kiliniumiza zaidi, halafu kikanipunguzia. Akanipokea sabuni, akainusa.

“Mama Feza alipita,” akasema. “Yeye hajue kushona hata kifungo. Cherehani itakaa kwake pale sokoni, mi nitaenda kushona kule kila siku, na faida tutagawa. Tumeshapatana.”

“Donc iko muzuri,” nikasema. Na kweli nilifurahi, nilisikia mgongo unanyooka kwa mara ya kwanza tangu salongo. “Na hapa nyumbani, nani atapika?”

Alinisogezea beseni la pondu kwa mguu.

Kwa hiyo ndiyo habari ya huku. Nawaandikia nikiwa jikoni, karatasi ina mafuta ya mawese, mnisamehe. Jumatatu alfajiri niko kwenye majani, mchana ofisini, jioni kwenye sufuria. Nawaomba jambo moja tu, na naliomba kwa unyenyekevu: msicheke. Na mkishindwa kujizuia, basi chekeni mkiwa mmesimama wima, kama alivyofanya mama Feza, hakuna atakayewapeleka kung'oa majani.