Mahafali ya Chuo cha Tabasamu na Mkanda

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye amepata udhuru na hivyo namwakilisha mimi mwenyewe. Waheshimiwa wafadhili mliokalia viti vyenye mito. Wakuu wa idara, manaibu wao na makaimu wa manaibu wao. Wahitimu wetu mliovaa vizibao vinavyong'aa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. (Makofi ya wafadhili.)

Kama mnavyofahamu, na kama hamfahamu basi fahamuni sasa, ofisi yangu ya umeneja wa stendi hii, chini ya uongozi wangu, na kwa kuzingatia ushauri nilioupata kutoka kwangu, iliasisi Chuo cha Kastoma Kea na Usalama wa Abiria, chuo ambacho kimeongeza tabasamu la makondakta kwa asilimia mia moja na nne, kikapunguza matusi mlangoni mwa basi kwa kiwango ambacho wataalamu bado wanatafuta mashine ya kukipimia, na ambacho leo, kwa stratejia ya kujifunzia kazini, kinafanya mahafali yake humu humu katika ukumbi wa kusubiria mabasi. (Makofi. Honi inalia nje.)

Namwona mhitimu mmoja, mama mwenye kikapu, amesimama. Sema, mama.

(Mama: "Mheshimiwa, basi langu ndilo hilo linalopiga honi. Binti yangu yuko leba, hana mtu. Naomba nipite.")

Wafadhili, mmeona? Hiyo ni moduli ya tatu, Abiria Mwenye Dharura. Sikilizeni sauti inavyotetemeka. (Makofi mazito.)

(Mama: "Jamani, mimi siigizi. Tiketi yangu hii hapa.")

Na tiketi kaja nayo! Walinzi, simameni mlangoni, mumzuie kwa upole, maana moduli ya nne ni Kumtuliza Abiria Aliyepaniki. (Mama analia. Mfadhili mmoja anafuta machozi, anaomba kalamu, anatia saini mkataba.)

Kwa upande wa sefti, napenda kutamka bila kigugumizi kwamba mchakato wa kuagiza mitungi ya kuzimia moto umefikia hatua za mwisho za kuanza. Tabasamu! (Wafadhili: "Kwanza!") Mkanda! (Wafadhili: "Funga!" Wanasindikizwa kwenye magari yao.)

Haya, tumebaki wenyewe. Nawashukuru sana, ndugu abiria, kwa kuvaa vizibao bila kuuliza maswali. Chuo hakuna, mwalimu hakuna, na kibao cha jina la chuo hapo nje rangi yake haijakauka. Vueni vizibao mviweke mezani, wachimba barabara wanavisubiri. (Miguno.) Na wewe mama, nakushukuru kipekee, umetupatia miaka mitano ya ufadhili. Naarifiwa basi lako limeshaondoka, na ndilo lilikuwa la mwisho leo. Usinitazame hivyo, mama. Ukifika kesho, mpe binti yako pole zangu, na umwambie mjukuu wako akikua, nafasi chuoni kwetu anayo.