Ndege Zizunguke kwa Wengine

Jumatatu, tarehe 4
Mke wangu kafungasha! Kambeba mtoto, kaenda kisiwani kwa mama yake. Kasema mtoto halali, na harudi mpaka ndege zikome kuzunguka juu ya bati letu. Nyumba tupu. Nimekula mkate mkavu, nikalia. Hata kitunguu sikuwa nacho cha kusingizia.

Jumanne, tarehe 5
Bahati hiyo! Mkuu wetu wa ramani za anga kaniagiza nisahihishe KOMBA, kituo cha hewani ambapo marubani hujitaja kwa redio na kuzunguka wakisubiri zamu ya kutua. Kiko juu ya mtaa wangu, kihamie baharini. Wapi hasa, nipendekeze mimi. Mimi!

Huko kuna kisiwa kikubwa na kisiwa kidogo. Ramani yetu haionyeshi nyumba, minara tu. Mama mkwe anaishi kimojawapo, ila kwake sijawahi kufika, kila mwaka naumwa mgongo. Lakini mwanamke mwenye makeke yale hawezi kuenea kisiwa kidogo. KOMBA nimekiweka juu ya kile kidogo.

Jumatano, tarehe 6
Miwani, mwenzangu wa meza ya pili, kauliza kama nimehakikisha nani anaishi pale. Wivu! Nikamjibu ni kaa na kunguru. Mkuu katia sahihi. Nimefua mashuka.

Alhamisi, tarehe 7
Marekebisho yameanza kutumika. Juu ya bati, shwari! Nimempigia mke wangu kumpa habari njema. Hatukusikiana, kwake kulikuwa na ngurumo. Nikamtakia mvua njema.

Jumamosi, tarehe 9
Karudi! Na mtoto! Nimeruka mpaka mlangoni. Nyuma yao mama mkwe, na masanduku, godoro na jogoo.

Kasema kwake hapakaliki, ndege zinazunguka tangu alfajiri, kuku wamegoma kutaga, na akimjua mwendawazimu aliyezileta atamtia adabu kwa mikono yake. Mke wangu kanitazama. Nimejitolea kulala sebuleni.

Jumapili, tarehe 10
Jogoo kawika sikioni mwangu. Mama mkwe kasema nyumba hii ina utulivu mtamu, hatoki ng'o. Mgongo sasa unauma kweli.

Kesho nawahi ofisini. Nitamwambia Mkuu kuna kosa dogo kwenye ramani, KOMBA kirudi palepale pa zamani, juu ya bati letu. Miezi miwili tu, mpaka bibi huyu afungashe. Mke wangu? Atavumilia. Ni mwelewa sana.