Soksi ya Mkanda wa Gari

Jumapili, 6 Julai 2025

Kiptoo amepiga simu. Huyu ni Mkenya wa Lusail, hapa Qatar, niliyemuuzia uvumbuzi wangu: soksi ya kuvika chuma cha mkanda wa gari, jua la Doha lisiwaunguze watoto. Akaisajili Marekani, akapata hataza. Yaani kule hakuna mwingine mwenye ruhusa ya kuiuza. Sasa amegundua nazishona tena na kuwauzia Wamarekani mtandaoni. Kasema niache, la sivyo mahakamani. Mimi! Baba wa soksi!

Nina mpango. Nitadai haikuwa kitu kipya. Hataza itakufa, nitashona kwa raha zangu.

Jumanne, 8 Julai

Nimemshusha Madam, bosi ninayemwendeshea gari, saluni, nikakimbilia kwa Rael, wakili. Alicheka kwanza. Kisha akasema sheria ya kule haimruhusu aliyeuza uvumbuzi kugeuka na kudai haukuwa kitu kipya.

"Ulipouza uliapa ni kitu kipya, Ibrahimu. Leo utaapaje kwamba ulimuuzia mwenzio hewa?"

Mtu mwingine anaweza kuipinga. Nikauliza, je, Hamisi ninayeishi naye chumba kimoja? Akajibu nikiwa nyuma ya Hamisi, ni mimi yuleyule. Ningeruhusiwa kuipinga tu kama Kiptoo alijiandikishia zaidi ya nilichomuuzia. Tumeangalia. Hakuzidisha hata uzi. Uaminifu wa kuudhi!

Alhamisi, 10 Julai

Basi nimtishe tu. Nimemwomba Bi Sharifa, mpishi wetu, amwambie Kiptoo kwamba soksi hizo alizikuta Unguja zamani.

Akaweka mwiko chini. "We Ibra, usinitie dhambini. Mtoto wa Madam aliungua paja, ukavua soksi yako palepale ukaikata. Nilikuona kwa macho yangu. Nani alikufundisha?"

Hakuna.

Nilitoka nimekasirika. Nikakaa garini, AC nimesahau kuwasha. Wiki nzima natafuta mtu wa kusema sikubuni kitu. Na hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kubuni. Kumbe nilitaka akatae.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimempigia Kiptoo. Nimeacha. Akasema poa, hana kinyongo. Akaongeza kuwa kila anayemwonyesha soksi humwambia ilitoka kwa dereva mmoja Mtanzania, jina lake Ibrahimu. Nikakata simu. Nikasingizia mtandao.

Jumapili, 13 Julai

Nimebuni kingine! Mshipi wa kufunga sufuria ya biriani kwenye kiti cha gari, mchuzi usimwagike kwenye kona. Wayne, mwenye duka Al Wakrah, kaupenda papo hapo, anataka kuununua. Rael kasema nimpelekee mkataba ausome kwanza. Ya nini? Nimesaini juu ya boneti, injini inanguruma. Kuna mahali pa kuapa kwamba mshipi ni kitu kipya kabisa. Nimeapa kwa moyo wote.

Sina wasiwasi. Safari hii nimejipanga mapema: Hamisi nimeshamfundisha aseme aliuona kwao Tanga zamani.